Karatasi Arobaini na Moja za Mama Madoa

Saa tatu kasorobo asubuhi, juu ya paa la maabara ya chuo cha ualimu, mama mmoja wa makamo amepiga goti kwenye saruji. Ameligeuzia jua mgongo. Darubini ndogo inamwaga mwanga wa jua juu ya karatasi nyeupe, na katika duara hilo, lenye ukubwa wa sahani, kuna vidoa vitatu vyeusi.

Anavifuata kwa ncha ya penseli, anaandika tarehe na saa, kisha anashuka ngazi harakaharaka. Ndoo na mopu vinamsubiri koridoni.

Wanafunzi wanamwita Mama Madoa. Kwa miaka kumi na minane amekuwa mfagizi wa chuo hiki, na kila asubuhi isiyo na mawingu amelichora jua. Kwa kuchora hajalipwa hata senti. Karatasi zake zimefika elfu nne na mia sita.

Ijumaa hii karatasi hizo zinaondoka. Kituo cha utafiti kimeziomba zote, kwa sababu ni nadra kupata michoro ya miaka mingi hivyo kwa mkono mmoja na darubini moja. Watafiti wanataka kuitumia kupima jinsi jua linavyojizungusha. Chuo kizima kimefurahi, isipokuwa yeye.

“Nilianza kwa ujinga tu,” anasimulia. “Mwalimu wa fizikia, Mungu amrehemu, alikuwa ameitega darubini. Nikaona uchafu kwenye duara. Nikachukua kitambaa, nikafuta kioo. Uchafu upo palepale! Nikafuta tena. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia, dada, hilo unalolisugua ni jua.”

Kesho yake doa lilikuwa limesogea. Baada ya wiki mbili hivi likapotelea ukingo wa pili.

“Nikasema, loo, kumbe na lenyewe linazunguka! Nilikuwa sijui. Ningejulia wapi?”

Mwalimu alipoona ana mkono mtulivu, akamwachia kazi ya kuchora. Mwandishi wa makala haya alipomsifu kwa hilo, mama aliinamisha kichwa. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu hapo chuoni.

Katika mwaka wa tatu yalitokea madoa mengi. Mengine yalikuwa karibu na kiuno cha jua, mengine juu zaidi. Yalianza safari pamoja, lakini kila siku ya juu yalibaki nyuma kidogo.

“Nikajua nimekosea mimi,” anasema. “Mpira ukiuzungusha si unazunguka wote? Nikaona aibu. Mwalimu atasema mfagizi ameshindwa. Basi nikashika raba. Nikafuta madoa ya juu, nikayasogeza mbele, yaende sambamba na wenzake.”

Alifanya hivyo kwa asubuhi arobaini na moja.

Siku moja mwalimu akawa anawaeleza wanafunzi, naye anapiga deki pembeni. Jua si kitu kigumu kama jiwe, alisema, ni gesi yenye moto mkali. Kiuno chake humaliza mzunguko kwa siku kama ishirini na tano, lakini karibu na ncha zake huchukua zaidi ya siku thelathini.

“Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jua lilikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimeuona ukweli kwa macho yangu, nikaufuta.”

Alikusudia kumwambia mwalimu. Akaahirisha, akaahirisha tena, mpaka mwalimu akafariki.

Wiki iliyopita alimweleza binti yake, ambaye ni muuguzi. Binti akamwambia, “Mama, nyamaza tu. Wakisikia hayo watazitupa zote. Miaka yote hiyo iende bure?”

“Nikamwambia, mwanangu, hawa watu watapima mkono wangu wakidhani wanapima jua.”

Jumatano alivua aproni, akagonga mlango wa mkuu wa chuo. Mkuu alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akampigia mtafiti na kuweka simu kwenye spika.

“Hizo arobaini na moja hatuwezi kuzitumia,” sauti ilisema. “Na nyingine, mama, itabidi tuzikague moja moja. Huenda ikachukua miaka miwili. Siwezi kukuahidi kwamba tutazikubali.”

“Nimekuelewa, baba,” alijibu.

Ijumaa asubuhi maboksi tisa yamepangwa koridoni. Mama Madoa amezitenga zile karatasi kwenye bahasha, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: HIZI NIMEZISOGEZA MIMI. JUA HALIKUWA HIVI. Anaiweka bahasha ndani ya boksi la kwanza, juu ya karatasi zote, mahali ambapo mtu hawezi kuikosa, kisha analifunga boksi kwa utepe wa gundi.

Mwisho wa mwezi anastaafu. Ameomba ruhusa ya kuendelea kupanda paani kila asubuhi, na mkuu amekubali. Lakini alipoulizwa anatumaini nini, hakuzungumzia paa.

“Namwomba Mungu wazikubali,” anasema, huku gari likiondoka na maboksi. Anajifuta macho kwa kiganja. “Sina kazi nyingine niliyoipenda kama hii.”