Nilimwita Mwizi kwa Sababu Alijua Kizungu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili asije mtu akanitetea, maana nawajua watu wetu, ukilia kidogo tu washakwambia, "Maskini, shetani alikupitia." Shetani hakunipitia! Nilikaa, nikafikiri, nikanyanyua simu kwa mkono wangu huu.

Jina langu silitaji. Mie ni mama wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati tangu niko msichana. Mume wangu yuko serikalini. Wengine mnaosoma hapa mmeshakula kwangu, na mkijua ni mie mtashangaa. Shangaeni!

Sisi tuliotoka Unguja tunasifika kwa Kizungu. Wazee wetu walikuja nacho kikawapa kazi za maofisini, basi kila mtu akijua umetokea huko anadhani na wewe unacho. Mie sinacho! Niliacha skuli darasa la nne, nikaletwa huku, nikawekwa ndani mpaka nikaolewa. Lakini nani wa kumwambia? Chakula cha Ijumaa mawifi zangu wakichanganya Kizungu, wakicheka na mie nacheka. Miaka mingapi nacheka nisichokijua! Hata mume wangu alidhani nnakijua ila nna haya ya kukisema.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwanangu Salma ana miaka kumi. Mwalimu wao wa Kizungu alikuwa na mtindo wake. Kila Jumamosi anawapa maneno matano, vijineno vidogo vya kila siku, wende majumbani watafute kila neno lina maana ngapi. Na sharti wawaulize wazee wao, siyo wafungue kamusi. Mwalimu yule sijui alitumwa na nani.

Salma akanijia na neno "light". Nikamwambia, "Taa."

"Na nyengine, mama?"

"Nyengine ya nini? Taa ni taa!"

Akaandika taa peke yake. Siku ya pili wenzake wamekuja na maana nne, tano, yeye ana moja. Darasa zima likamcheka, akarudi macho mekundu.

Tabitha alikuwa sebuleni anapiga pasi kanzu za mume wangu. Tabitha ndiye mtumishi wetu wa ndani, msichana wa Kikristo kutoka Singida, kamaliza kidato cha nne, na alikuwa na mwaka wa pili kwetu. Akamwambia Salma taratibu, "Mdogo wangu usilie. Light ni kitu chepesi pia. Na rangi isiyokolea nayo ni light. Na ukiwasha kiberiti, huko kuwasha nako ni light."

Salma akanyamaza kulia hapo hapo. Mie nimesimama mlangoni na sinia la vikombe vya kahawa, nasikiliza.

Kumbe Tabitha alikuwa na daftari lake tangu shule, maana somo lililomwangusha lilikuwa hilo hilo la Kiingereza. Kila ukurasa neno moja. Neno "run" pekee lilimla kurasa mbili: mtu akikimbia ni run, pua ikitoka makamasi ni run, kusimamia duka ni run, hata nguo ikichuja rangi kwenye maji. Akanionesha bila kunificha kitu. "Mama, maneno makubwa hayasumbui, neno kubwa lina kazi moja tu. Haya madogo ndiyo yanafanyishwa kazi zote, kama sisi wa majumbani." Akacheka.

Hapo ndipo ningesema, Tabitha, nifundishe na mie. Nani angejua? Tungekuwa jikoni, mie na yeye, mlango tumefunga. Lakini wapi! Mie bibi wa nyumba nimwambie mtumishi sijui? Nikamjibu, "Maliza kupiga pasi."

Basi Salma akawa haji tena kwangu. Akirudi skuli, mkoba chini, mbio jikoni. Akawa wa kwanza katika lile zoezi la maneno, mwalimu anamsifu, baba yake anajitapa. Ijumaa moja mbele ya watu wote babake akamwambia, "Haya, waoneshe shangazi zako." Mtoto akaanza kumwaga maana, moja, mbili, tatu, watu wanapiga makofi. Wifi yangu mkubwa akamuuliza nani kamfundisha. Nilitarajia mtoto ataniangalia mie.

"Tabitha!"

Wifi alinifata jikoni. "Mwenzangu, mtumishi akishakuwa mwalimu, wewe unakuwa nani humu ndani?" Maneno yale yalinichoma. Lakini simtupii yeye lawama. Yeye alisema tu, mie ndiye niliyetenda.

Nikaanza vituko. Saa ya Salma kusoma ndiyo saa ya Tabitha kusugua vyoo. Salma akachukua daftari akakaa chini mlangoni mwa choo, wanasoma huko huko! Nikampeleka Tabitha akaoshe uwani, mtoto akaenda uwani. Nilikuwa naona kama wote wawili wananicheka, na wallahi hakuna aliyekuwa akinicheka. Walikuwa wanasoma tu.

Mtaa wa nyuma yetu, Khuwair ya Kusini, palikuwa na nasari, skuli ya watoto wadogo, na Tabitha ndiye aliyekuwa akimchukua huko mwanangu wa pili, anayemfuata Salma, kila adhuhuri. Mkuu wa nasari, bibi mmoja Mwingereza, akamsikia anavyozungumza na watoto, akampenda, akamfanyia usaili na kumwambia nafasi ya msaidizi wa mwalimu ni yake. Kilichobaki karatasi tu, ile ya tanazul, kwamba kafili wake, yaani mume wangu, anamwachia aende kwa mwajiri mwengine. Bila karatasi ile mtumishi haendi popote, na paspoti yake iko kabatini kwangu.

Asubuhi akanijia, mikono nyuma. "Mama, naomba niseme jambo, usinikasirikie. Tangu mdogo nataka kufundisha watoto. Nilifeli, nikajua ndiyo basi. Sasa Mungu kanifungulia mlango, na ufunguo mnao nyinyi."

Nikatabasamu. Nikamwambia, "Hewala, Tabitha. Nitasema na bwana."

Nilitabasamu! Kila nikiukumbuka mdomo wangu ule natamani kujizaba makofi.

Alipotoka kwenda sokoni nikapiga simu nasari. Mkuu akapokea. Kizungu changu mie ni maneno ya kuokoteza, lakini niliyoyahitaji nilikuwa nayo. Nikamwambia, "Tabitha, my house. She thief. Take gold. No good." Kwamba ni mwizi, kaniibia dhahabu. Mwingereza akasema ahsante, akakata.

Toba! Maisha yangu yote nilikuwa naogopa kutamka Kizungu mbele za watu nisije nikakosea. Siku ile sikuogopa hata kidogo, na nikafahamika vizuri.

Mume wangu akaniuliza vipi mambo ya yule msichana, nikamwambia ana mkono mrefu, mrejeshe kwao. Mambo ya watumishi alikuwa ananiachia mie. Akatia sahihi karatasi za kumrejesha, tiketi ikakatwa, na Tabitha nikamwambia mkataba wake umekwisha. Tabitha akaniuliza, "Mama, nasari wamebadilisha mawazo, hawanipokei hata getini. Hawakukwambia nimekosea wapi?" Nikamwambia Wazungu ndivyo walivyo, hawana msimamo. Siku ya kuondoka akanishukuru kwa kuishi naye vizuri. Akanishukuru, jamani!

Tuliporudi kumpeleka uwanja wa ndege, Salma alikuwa kanisubiri sebuleni. Simu yetu ilikuwa na mkono mwengine kule juu, kwenye ukumbi. Akasema, "Nilinyanyua ya juu nimpigie rafiki yangu. Nilikusikia."

Nikamzaba kibao. Mtoto wa miaka kumi, kwa kusema kweli!

Hakulia. Na toka siku ile hakunisemesha tena Kiswahili. Mwanzo nilidhani ni hasira za kitoto, zitapoa. Hazikupoa! Akitaka kitu ananambia kwa Kiarabu, maneno mawili matatu. Na babake na mdogo wake ni Kizungu, asubuhi mpaka usiku, mezani kwangu, chakula nimepika mie. Wakicheka nacheka. Siku moja akaweka kijiko chini akaniuliza kwa Kiarabu, "Unacheka nini?" Nikainuka nikakusanya sahani. Babake naye siku hiyo ndiyo akajua kuwa mkewe hajui Kizungu.

Miaka kumi tumekaa hivyo. Nilimlipia mwalimu wa ziada, nikampeleka Umra, nikamnunulia alichotaka na asichotaka. Ni bure.

Juzijuzi nikampata mama mmoja wa Singida anayefanya kazi saluni, akanitafutia namba ya Tabitha. Nikampigia.

"Mama Salma!" akaitikia kwa furaha. "Salma hajambo?"

Nikamweleza yote. Dhahabu haikupotea, mwizi hakuwepo, ni husuda yangu.

"Kumbe," akasema. "Mama, mimi miaka yote nilijua Kiingereza changu ndicho kilikuwa kibovu. Nilijua yule bibi alinisikiliza vizuri akagundua sijui kitu. Daftari langu nililichoma moto. Pale kijijini waliniomba nifundishe chekechea, nikakataa, nikaona aibu kuwadanganya watoto wa watu. Nalima alizeti."

Nililia kwa sauti. Afadhali angenitukana!

"Usilie, mama. Mimi sikudai kitu. Ila yule bibi wa nasari mwambie. Yeye ndiye anayejua mimi ni mwizi."

Nikamwendea Salma chumbani kwake. Sasa ni mtu mzima, yuko chuo. Nikamwambia, mwanangu, nna jambo la kumweleza yule Mwingereza, na jambo lenyewe refu, sina maneno. Twende ukanifasirie. Nikamuomba mbele ya mdogo wake, bila kujificha.

Akaniangalia. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, akanijibu kwa Kiswahili.

"Ulipomwita mwizi hukutaka mkalimani."

Akarudi kwenye kitabu chake.

Nikenda peke yangu, kwa miguu, nayakariri maneno yangu njia nzima. Nasari haipo. Pale pana duka la mabuibui, na Mhindi anayeuza hajui nasari wala Mwingereza. Jirani mmoja akanambia yule bibi karudi kwao zamani, na wapi kwao hajui. Nikasimama kwenye jua kama mpumbavu, na nilikuwa mpumbavu kweli.

Ndiyo maana nakwambieni nyinyi. Mtu wa kumwambia nimemkosa.

Na nyinyi mnaonisoma mkisema astaghfirullah, mama gani huyu, hebu kwanza fungueni makabati yenu! Paspoti za watu zimo humo ngapi? Mna mtumishi anayejua msichokijua, mnamfanyaje? Nna hasira na nafsi yangu, na nyinyi mnaofanya kama mie nna hasira na nyinyi. Kutojua siyo dhambi. Ningesema "sijui" siku moja tu, Tabitha angekuwa mwalimu na mie ningekuwa na binti. Mwachieni mtu aende anakoitwa. Anachokungojea mkononi mwako ni karatasi moja tu, na wewe hiyo karatasi haikugharimu kitu.

Na kama kuna anayemjua bibi Mwingereza aliyekuwa na nasari Khuwair ya Kusini miaka hiyo, amfikishie, kwa Kizungu kizuri kuliko changu: Tabitha hakuiba kitu nyumbani kwangu. Hata pini.