Boksi la Mzee Songoro

Usiku ule nililala mapema, nikiziacha mezani fomu kumi na mbili zikingoja sahihi yangu. Asubuhi yake wanafunzi wangu walikuwa waanze kuendesha matrekta ya kuvuta mizigo uwanja wa ndege, na sahihi hiyo ndiyo ingethibitisha kwamba wanajua kuyakagua kabla ya kuyawasha. Walikuwa wamejifunza kwa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfunika mtu macho na kumwonyesha trekta lisilokuwapo. Wote walifaulu. Mchana Rehema, mcheshi wao, alikuwa ameniambia, "Mwalimu, mie hata unifunge kitambaa. Humo kwenye miwani oili inavuja gurudumu la nyuma, kushoto. Haijawahi kuhama!" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini kalamu nikairudisha mfukoni.

Katika ndoto nimeivaa miwani hiyo. Uwanja ni mweupe, hauna upepo wala mtu. Nikasikia viatu vikiburutwa, nikamjua kabla sijamwona: Mzee Songoro, fundi aliyenipokea nilipotoka chuo kikuu na shahada yangu na viganja laini. Alifariki mwaka uliopita. Sikwenda kumzika, nilikuwa kwenye mafunzo ya miwani, nikajiambia kwamba wafu husamehe.

Mzee huyu alikuwa na desturi yake. Kila jioni alitandika kipande cha boksi chini ya kila trekta, na alfajiri alikivuta akakisoma kama mtu asomaye barua ya nyumbani: doa jeusi ni injini, doa la manjano ni breki, boksi kavu ni heri. Miwani ilipofika, mimi ndiye niliyeamuru maboksi yale yachomwe, ili karakana ionekane ya kisasa.

"Shikamoo, Mzee," nasema.

"Marahaba, msomi." Ndivyo alivyozoea kunitania.

Anapiga magoti kwa taabu kando ya trekta la kwenye miwani, anapitisha kiganja kwenye dimbwi la oili, nyuma, kushoto. Kiganja kinatoka kikavu. Anakinusa, kisha ananinyooshea ninuse na mimi.

"Humu hamna harufu," anasema.

Sasa tumo sebuleni kwangu. Trekta limesimama kati ya meza na kiti changu kimoja, na Mzee anakitazama kiti kile kwa muda mrefu. Naona aibu, kana kwamba amenikuta sijavaa. Anauliza liko wapi boksi.

"Umelichoma," anasema. "Basi nitalala mimi."

Analala chali chini ya trekta, kanzu yake nyeupe ameitandaza vizuri, mikono ubavuni. Rehema anapanda kwenye usukani huku amevaa miwani, anatabasamu, mkono uko kwenye ufunguo. Nampigia kelele ashuke. Sauti haitoki. Mbele ya macho yangu maandishi ya kijani yanawaka: UMEFAULU. Tone likadondoka. Halikutoka nyuma kushoto. Lilitoka mbele, kulia, mahali ambapo miwani haijapata kutuonyesha kitu, likaenea manjano kwenye kifua cha kanzu.

Mzee aliinua kichwa, akalisoma doa lile, kisha akanitazama.

"Na hili, umewafundisha?"

Nikaamka nimelala sakafuni, kiganja changu kimebanwa kwenye saruji baridi. Kulikuwa kumepambazuka. Nilitaka kumsimulia mtu, nikasikiliza nyumba. Hapakuwa na wa kumsimulia. Fomu zilikuwa pale pale. Nilijua msimamizi angefoka, kwa kuwa alikwisha kuwaahidi wakubwa madereva kumi na wawili siku ile. Nikampigia simu Rehema.

"Waambie wenzako leo hakuna kuendesha. Njooni na nguo za kuchafuka. Jioni tutatandika maboksi chini ya matrekta, kesho alfajiri tutayasoma."

"Maboksi tena, Mwalimu? Kwani si tumefaulu?"

"Nilikosea mimi. Mtafaulu mkishayagusa matrekta yenyewe."

Akauliza: "Umeamkaje lakini?"

Ilikuwa siku nyingi sijaulizwa swali hilo. Nikamwambia nimeamka salama. Kisha nikachukua kisu, nikavuta kutoka chini ya meza boksi ambalo miwani ililetwa ndani yake, nikaanza kulichana.