Jogoo wa Mama Agnesi

Mwanangu, Pasaka ile naikumbuka kwa jogoo. Jirani yetu hapa Kimamba, Mama Agnesi, ni Mkristo, na kila sikukuu alimleta jogoo wake kwa kaka yangu Shabani amchinje, ili na sisi Waislamu tupate kula. Mtaa wetu umeishi hivyo tangu enzi za mashamba ya mkonge.

Mwaka ule Shabani alikataa hata kutoka ndani. "Mwambie atafute kafiri mwenzake," alisema. Kwa miezi alikuwa akisikiliza kwenye simu mawaidha ya mtu asiyemjua, na msikitini kwetu aliacha kwenda. Niliona haya. Nikamwambia Mama Agnesi kaka anaumwa, na jogoo akachinjwa na Mwislamu mwingine wa mtaani.

"Maskini. Basi nitamletea mchuzi."

Akauleta kweli. Shabani aliugeuzia mgongo. Nikaumwaga nyuma ya nyumba, bakuli nikalirudisha safi, na shukrani juu.

Wiki iliyofuata mtendaji wa kata aliitisha mkutano. Polisi wa kata yetu alisema huko kusini, ng'ambo ya mpaka, kuna vita, na vijana wanadanganywa kwa jina la dini waende kupigana.

"Mkiona kijana amebadilika, semeni mapema," alisema. "Kabla hajaondoka tunakaa naye, sisi na mashehe, tunazungumza. Akishavuka, mikono yetu haifiki."

Mzee mmoja akatania, "Wangu amebadilika, siku hizi anaoga." Watu wakacheka. Mimi nilikaa nyuma, jina la kaka yangu sikulitaja. Niliogopa watamfunga pingu. Zaidi, nasema kweli, niliogopa watu wageuke wanitazame.

Shabani aliondoka Ijumaa ya wiki ile, kuelekea huko kusini, bila kumuaga mama. Nilipomweleza shehe wetu yote, hakufoka. Aliuliza tu, "Kwa kuficha hivyo, kijana wangu, ulikuwa unamsitiri kaka yako, au unajisitiri wewe?"

Mpaka leo bodaboda ikisimama nje, mama huacha alichoshika, akidhani ni Shabani amerudi. Mama Agnesi bado huleta jogoo. Namchinja mimi.

Mwanangu, mficha maradhi, kilio humfichua. Ukiona ndugu yako amekataa chungu cha jirani aliyekuwa akila naye, usimtungie ugonjwa. Sema, hata kama sauti inatetemeka. Mwambie mama, mwambie shehe, mwambie mtendaji. Mungu akufungue ulimi kabla ya mlango kufunguka, na kila atokaye nyumba hii atoke ameaga, na arudi.