Mama Mkwe na Miayo ya Simba

Mama mkwe wangu anaishi Kimamba, na kwa miaka kumi na moja tangu nimwoe binti yake hatukuwahi kutazamana usoni. Si ugomvi. Ndiyo desturi ya ukweni kwangu: mkwe hampi mama mkwe mkono, hali chakula mbele yake, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua mbili. Shikamoo tu ndiyo huenda moja kwa moja, nayo huitoa nimechuchumaa, macho chini. Mimi nimekulia Morogoro mjini, kwenye nyumba ya kelele, na mwanzoni niliona kama mchezo. Siku hizi naupenda. Heshima si utumwa, na ni wanaume wangapi wanaoweza kusema hawajawahi kugombezwa na mama mkwe?

Baba mkwe, aliyefariki mwaka jana, alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge na mtu wa baiskeli. Maisha yake yote alikuwa na kisa kimoja. Alfajiri moja, kwenye njia ya kwenda Rudewa, alikutana na simba dume. Akashuka kwenye baiskeli, akasimama. Simba akamtazama, akapiga miayo, akaenda zake. Basi, kisa kimeisha.

Mama mkwe ndiye aliyekiharibu. "Simba apige miayo mbele ya nyama?" alikuwa akimuuliza mumewe, wageni wakiwa wamekaa. "Au alikuona umekonda mpaka usingizi ukamshika?" Mtaa mzima ukacheka, ukaendelea kucheka miaka na miaka. Vijana wakimwona mzee anapita na baiskeli walimpigia miayo, naye akawapigia kengele. Siku zake za mwisho kitandani alikisimulia tena. Mama mkwe akacheka, kwa mazoea tu. Mzee hakucheka. Aligeukia ukutani.

Arobaini ilipopita, mama mkwe alimwita mke wangu. "Mwambie mwenzio anipeleke Mikumi, nikamwone simba kwa macho yangu. Kama hapigi miayo, nitatulia. Kama anapiga, basi nilimwaibisha baba yako bure, mbele za watu."

Mke wangu akamwonyesha kwenye simu simba wanaopiga miayo, wa kila aina. Mama akaisukuma simu. "Hao wamefundishwa."

Basi tukaondoka Kimamba alfajiri, tukapita Kilosa na kijiji cha Ulaya mpaka Mikumi, kwa gari langu dogo la chini. Mama mkwe alikaa nyuma yangu, nisimwone. Lakini nilipoinua macho nikakuta kioo cha kutazamia nyuma kimejaa ushungi wake. Nikakigeuza kikatazama dari. Kwa hiyo niliendesha siku nzima bila kujua nyuma yangu kuna nini. Getini askari wa hifadhi aliuliza kama tunahitaji mtu wa kutuongoza. Nikamjibu kwamba mwongozaji ni mimi. Kiburi hicho nakikumbuka vizuri.

Asubuhi ilikwenda salama. Tembo walipovuka njia, sauti ikatoka nyuma: "Mwambie mwenzio hao nawajua, walimaliza mahindi ya shangazi yako." Kwa twiga akauliza: "Mwambie mwenzio, huyu akiumwa koo inakuwaje?" Nikasema, "Mwambie mama sijui." Mke wangu, aliyekaa kiti cha mbele, alipitisha maneno yote hayo kwa uaminifu, ingawa kila mtu alikuwa ameshasikia. Simba hakuonekana.

Kwenye bwawa la viboko, ambapo watu huruhusiwa kushuka, tukala. Mama mkwe na mke wangu walikaa upande wa bwawa, na mimi nyuma ya gari na sahani yangu, kama ipasavyo. Nyani mmoja mkubwa akaja akaketi mbele yangu. Sasa, kumfukuza nyani kunataka sauti na matusi, na vyote viwili havitolewi mama mkwe akiwa upande wa pili wa gari. Nikamwambia polepole, "Tafadhali." Akaondoka na paja la kuku.

Mchana ule, kwa shibe na joto, mke wangu alilala. Nikawa naendesha kwenye njia nyembamba ya tambarare, kimya kabisa, hakuna wa kupitisha maneno. Mara mama mkwe akakohoa. Nikaona vumbi linamsumbua, nikapandisha vioo vya madirisha. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikaona joto, nikavishusha. Akakohoa mara ya tatu, kikohozi kirefu chenye hasira ndani yake, nikasema moyoni mama wa watu anaumwa, nikaongeza mwendo.

Mke wangu alizinduka tukiwa tumefika mbali. Hapo hapo nikasikia: "Mwambie mwenzio simba tumempita. Yuko chini ya mti, mkono wa kushoto. Nimekohoa mpaka kifua kinauma."

"Mama! Si ungemwambia?"

"Ningemwambia kupitia nani? Ulikuwa unakoroma."

Jua lilikuwa limeanza kushuka na ilitubidi tutoke hifadhini kabla ya giza. Njia ilikuwa haina pa kugeuzia, pande zote udongo mweusi unaomeza gurudumu, na kutoka nje ya njia ni marufuku. Iliyobaki ni rivasi. Vioo vya pembeni vilikuwa na vumbi tupu. Kugeuza shingo kungekuwa kumtazama uso kwa uso, jambo ambalo sikuthubutu. Nikanyoosha mkono nikakiteremsha kile kioo cha ndani.

Macho hayana pazia. Alikuwa ananitazama. Nilitegemea uso mkali, nikakuta mwanamke mdogo, mchovu, mwenye macho kama ya mke wangu, na alikuwa na hofu. Niliona aibu kwa ajili ya vile vioo nilivyopandisha na kushusha.

Tukaanza kurudi kinyumenyume. "Mwambie mwenzio kulia," alisema. "Kulia," mke wangu akasema. Neno lilipokuwa linanifikia, gurudumu lilikuwa limeshaanza kuonja udongo upande wa kushoto.

"Kulia, baba! Kulia!"

Nikakata kulia. Neno hilo la mama mkwe halikupitia kwa mtu.

Simba alikuwa bado yupo chini ya mti, dume, amelala ubavu. Nikazima gari. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyotakiwa kukaa. Alipunga mkia. Akajigeuza. Nikamwomba Mungu jambo ambalo sikuwahi kudhani nitamwomba. Hatimaye akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akafungua kinywa kile taratibu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akapiga miayo. Kisha akalaza kichwa.

Mke wangu akaanza kulia. Mimi nilitazama kioo, na mama mkwe alikuwa ananingoja humo.

"Umeona, baba?"

"Nimeona, mama."

"Basi wewe ndiye utakayewaambia Kimamba. Mimi nikisema watacheka. Niliwafundisha mwenyewe."

Nilimwonea huruma. Akajifuta kwa ncha ya ushungi, akamgusa binti yake begani. "Mwambie mwenzio awashe gari, tusije tukalala na huyu."

Ijumaa iliyofuata nilikaa uani kwake Kimamba na wazee waliokuwa rafiki zake marehemu, nikawasimulia yote: mti, mkia, kichwa, miayo. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mmoja akasema, "Kumbe ukoo mzima," wakaangua kicheko, na mwingine akanipigia miayo mirefu usoni.

Nyuma ya pazia la mlango, mtu akakohoa.

Safari hii sikutafuta dirisha. Nikajiweka vizuri kwenye mkeka, nikaanza tena, kuanzia baiskeli.