Nyumba Inayosubiri Umeme

Miezi michache iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu, mwalimu wa Kirua Vunjo, kwenda mtaa wa Soweto mjini Moshi kutazama nyumba mpya inayouzwa. Dalali alitangulia akiwasha taa kila chumba, mkono ukifika kwenye swichi kabla mguu haujavuka kizingiti.

"Hii ndiyo nyumba ya kisasa, mama," alisema. "Dari safi, jiko la umeme, feni kila chumba."

Tulipofika katikati ya korido, umeme ukakatika. Mchana kweupe, jua la Moshi likichoma bati, sisi tumesimama gizani tunatoka jasho.

"Samahani, mama, tusubiri kidogo," alisema dalali. "Umeme ukirudi, nyumba itaonekana."

Shemeji alicheka. "Kaka, unaniuzia nyumba au unaniuzia umeme?"

Nje aliona visiki vya migomba upande wa magharibi. Akauliza kwa nini imekatwa.

"Ilikuwa inaziba nyumba isionekane barabarani."

"Ilikuwa inaziba jua la jioni," alisema shemeji, na tukaondoka.

Hatimaye alinunua nyumba ndogo zaidi, mtaa wa pili. Ina madirisha yanayotazamana, tangi la kukinga maji ya mvua, na migomba imeachwa ilipo, kama kihambani, shamba la ukoo kwao Kirua Vunjo. Nilipomtembelea, nilimwambia haina hata feni. Akafungua dirisha, upepo ukaingia.

Nilirudi kwangu, kwenye nyumba yangu ya kisasa. Mchana ule ule nikazima taa zote, nijaribu. Nikaanza kupapasa ukuta, nikiutafuta mlango.