Mpima Mvua Achagua Novemba

Kama ulipita Kibakwe saa tatu asubuhi, siku yoyote katika miaka thelathini na moja iliyopita, hukumkuta Emiliana Chilongani barabarani. Saa hiyo hana habari na mtu. Yuko nyuma ya shule ya msingi, ameinama mbele ya kopo la shaba lililosimikwa juu ya nguzo fupi. Anamimina mvua ya tangu jana kwenye kichupa kirefu chenye mistari, anakiinua usawa wa jicho, anasoma, anaandika kwenye daftari, kisha anayamwaga maji chini. Ikiwa haikunyesha anainama vilevile, anakiangalia kichupa kikavu kwa heshima ileile, anaandika sifuri.

Kazi hiyo aliipata kwa bahati. Alikuwa mpishi wa shule, mwalimu aliyekuwa akipima mvua akahamishwa, na watu wa hali ya hewa wakataka mtu asiyehamahama. Emiliana alikuwa na kila sababu ya kubaki: mume, shamba la uwele, shamba la alizeti, na binti mgongoni. Mume alifariki, binti akakua akapata kazi ya ofisi Dodoma mjini, yeye akabaki na kopo lake. Siku ya msiba wa mumewe, waombolezaji walimwona akinyanyuka mkekani saa tatu kasorobo, akajifunga khanga vizuri, akaondoka. Wapo waliosema maneno. Alirudi baada ya nusu saa, akaendelea kulia pale alipoachia.

Sasa, ukipima mvua ya nyanda za kati miaka yote hiyo, unaandika sifuri nyingi sana. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni sifuri juu ya sifuri, mpaka daftari linatia aibu. Na hata mvua ikija, ukishaipima unaimwaga, na ardhi ya kule huinywa kabla hujafunga kalamu. Hilo ndilo lililomuuma Emiliana, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa ameshika maji mengi mkononi mwake na hakuna hata tone lililokaa.

Ndipo redio ikasema kwamba barafu ya Kilimanjaro inapungua, na huenda siku moja ikaisha kabisa. Emiliana aliacha kupembua uwele. Kwa hiyo nchi hii hii ina mahali ambapo mvua ikianguka haiondoki, inakaa pale miaka nenda miaka rudi, nayo sasa inaelekea kwenye sifuri, na yeye mpima mvua hajawahi kuiona! Alitaka kuigusa kabla haijaisha. Hakutaka bendera, hakutaka picha wala cheti cha kutundika ukutani. Alitaka kuweka mkono wake juu ya barafu ile, basi.

Binti yake Yudith alipomuuliza amfanyie nini akifikisha miaka hamsini na saba, akitarajia kuambiwa bati au kitenge, alijibiwa kwa neno moja.

"Barafu."

Yudith alicheka, akamtazama mama yake usoni, akaacha kucheka. Wiki iliyofuata walikuwa wamekaa Dodoma mjini mbele ya meza ya Anuari, kijana wa Kondoa mwenye ofisi ndogo ya safari, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchagua njia ya mlimani."

Anuari akatandaza karatasi zake. Akaeleza njia ya Marangu, ambayo wageni hulala kwenye vibanda vya mbao, akaeleza njia nyingine mbili za mahema. Akaeleza kwamba siku tano ni chache, mwili haupati muda wa kuuzoea mlima na watu wengi hurudishwa na maumivu ya kichwa; siku sita ni afadhali, kuna siku moja ya kupumzika katikati. Akauliza magoti, akauliza presha. Emiliana alijibu yote kwa utulivu. Alichagua Marangu kwa sababu ya paa, na siku sita kwa sababu ya kichwa, na mpaka hapo Anuari alimwona mteja mwenye akili kuliko wengi waliopita kwenye kiti kile.

"Na mvua hunyesha miezi gani huko?" akauliza Emiliana.

"Hapo usiwe na wasiwasi, mama. Januari na Februari kumekauka. Julai mpaka Septemba kumekauka kabisa. Miezi ya kukwepa ni Aprili na Novemba, huko ni mvua tu."

"Basi tuandike Novemba."

Anuari alidhani hakusikia vizuri, akarudia. Emiliana naye akarudia. Yudith akainamisha kichwa.

"Mama, wageni wote wanaikimbia mvua," alisema Anuari.

"Wageni wanatoka kwenye mvua. Mimi natoka Kibakwe."

Usimcheke haraka. Ukizaliwa kwetu, kiangazi ni msimu wa njaa na vumbi, msimu ambao hata ng'ombe huona aibu kutazamwa. Hakuna anayemtembelea ndugu yake mwezi ambao ndani hakuna kitu. Emiliana aliona wazi kwamba barafu ni mtoto wa mvua, hivyo mwezi wa mvua ndio mwezi wa kuikuta nyumbani, imenona. Anuari alimwomba mara tatu, akachora hata picha ya wingu lililokaa juu ya mlima. Picha ile ilimfurahisha mno Emiliana, akaiomba aende nayo.

Alisafiri Novemba. Kopo la shuleni alimwachia Mwalimu Obedi, mwalimu mkuu, baada ya kumfundisha kuinama vizuri kwa siku nne mfululizo. Yeye mwenyewe akabeba kopo jingine kuukuu, lililotumika shuleni kabla ya hilo, faneli yake, kichupa chake chenye mistari na daftari jipya. Akafungasha na unga wa mlenda mkavu, kwa kuwa hakuwaamini wapishi wa milimani.

Mwongozaji wake aliitwa Thomas, mtu wa Marangu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopumzika. Walipofika kibanda cha kwanza mvua ilikuwa inamwagika, na wapagazi walijibanza chini ya mapaa wakimtazama mama mmoja akitembea uwanjani na koti lake la plastiki, akitafuta mahali pa wazi pa kusimamisha kopo. Mpagazi mmoja akatundika soksi karibu nalo. Akakemewa papo hapo.

"Hiyo soksi yako inanidondoshea maji yasiyotoka mbinguni," alisema Emiliana. "Iondoe."

Asubuhi, saa tatu kamili, alisoma milimita thelathini na moja na nukta sita. Aliisoma mara mbili. Kwao mvua ya namna hiyo watu hutoka nje wakaimba. Hapa watu walikuwa wanakunja nyuso na kukamua suruali, na njia nzima ya msituni ilikuwa inatiririka, kila jani linadondosha, maji yanapita miguuni pake bila mtu wa kuyakinga, na Emiliana akawa anasimama kila baada ya hatua chache kuyaangalia. Thomas alidhani amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa amezidiwa na wingi ule, hakujua auweke wapi moyoni.

Kibanda cha pili walikaa siku mbili, juu ya mawingu na tena ndani ya mawingu. Kichwa kilimgonga, akanywa uji wa moto, akawapikia wapagazi mlenda, na yule wa soksi akaomba kuongezwa. Kila asubuhi simu ilileta ujumbe wa Mwalimu Obedi. "Kibakwe 0.0." Siku iliyofuata, "Kibakwe 0.0. Bado."

Siku ya nne walivuka uwanda mtupu wa mawe, pumzi fupi, hatua fupi, mpaka Kibo, kituo cha mwisho chini ya kilele. Mlima haukuonekana. Kulikuwa na ukuta wa wingu tu pale ulipotakiwa kuwepo. Emiliana alisimamisha kopo lake saa kumi jioni, kisha Thomas akamwita ndani akakaa naye kwenye benchi.

"Mama, nisikilize. Huko juu njia imefunikwa. Vijana wawili waliotangulia wamerudi wamelowa mpaka mifupani, na mmoja ameanguka. Sikupeleki."

"Kesho?"

"Kesho tunashuka. Nimepanda mlima huu miaka kumi na tisa, na wote niliowapeleka nimewarudisha kwao. Nisamehe."

Emiliana alimwambia hana kosa. Akageukia ukutani akalia, hakujificha. Kumbe Anuari alisema kweli. Alikuwa ameipata safari moja katika maisha yake yote, akapewa miezi kumi na miwili achague, na kwa kichwa chake kigumu akachagua mwezi uliomfungia mlango. Barafu ilikuwa hapo juu, mwendo wa asubuhi moja, na angerudi Kibakwe bila kuigusa.

Kulipokucha alijifunga nguo zote alizokuja nazo. Saa tatu kasorobo alitoka, kwa kuwa saa tatu ni saa tatu hata ukiwa na huzuni. Alifungua mlango akasimama palepale.

Kulikuwa kimya. Vitu vyeupe vilikuwa vinashuka kutoka juu, vingi, taratibu, bila haraka yoyote, na havikutoa sauti. Maisha yake yote mvua ilikuwa na kelele; ilipiga bati, ilipiga vumbi, iliamsha kuku. Hii ilikuwa inaanguka na alisikia pumzi yake mwenyewe. Mawe yote yalikuwa meupe. Mapaa yalikuwa meupe. Alinyoosha kiganja, kikatua kimoja, kikawa tone, akanyoosha na kiganja cha pili.

"Ni theluji, mama," alisema Thomas nyuma yake. "Barafu yote ya huko juu ilianza hivi."

Faneli ilikuwa imejaa na kufurika. Emiliana aliikung'uta theluji yote ndani ya kopo kwa uangalifu. Thomas akamwambia ailete jikoni waiyeyushe motoni, akakataa. Moto ungeyafanya maji mengine yaondoke na mvuke, na kipimo kingekuwa cha uongo. Akalitia kopo ndani ya koti, chini ya khanga, kifuani kwenye ngozi, akaketi kibarazani akalikumbatia. Meno yaligongana. Wapagazi walisogea mmoja mmoja, hakuna aliyecheka.

Ilichukua muda mrefu. Alipomimina kwenye kichupa, theluji ile yote ilikuwa milimita nne na nukta moja. Alikitazama kichupa, akatazama juu kwenye wingu. Ikiwa rundo lile lilitoa maji machache hivi, theluji iliyojenga barafu ya mlima ilianguka mara ngapi, miaka mingapi, bila mtu wa kuiandika? Hofu nzuri ilimshika, ile ya kanisani watu wanapokuwa wamepiga magoti. Aliandika 4.1, tangu saa kumi jioni, na nukta akaikandamiza hadi ikawa kubwa.

Simu ikalia mfukoni. "Kibakwe 0.0."

Kisha akafanya kama anavyofanya siku zote baada ya kuandika. Aliinama, akayamwaga maji chini, juu ya jiwe jeusi ambalo Thomas alikuwa amelifagia mbele ya ngazi. Alikuwa ameshageuka kufunga daftari lake pale mpagazi wa soksi alipomwonyesha jiwe kwa kidole, akatazama tena.

Maji hayakuwa yameondoka. Yalikuwa yametandaa juu ya jiwe, yakapunguza mng'ao, yakasimama. Ukingo wake ulianza kuwa mgumu, polepole, mpaka katikati. Emiliana alipiga magoti. Alivua glovu, akaweka kiganja chake chote juu ya mvua aliyoipima kwa mkono wake, na ilikuwa ngumu, baridi, na haikwenda popote.

"Tushuke, mama?" aliuliza Thomas baada ya muda.

"Ngoja kidogo," alisema Emiliana, bila kuuondoa mkono. "Bado ipo."