Binti Asiyekosa Kula

Siku hizo za Ujamaa kumaliza kidato cha sita hakukutosha kukupeleka chuo kikuu. Ufaulu, ufanye kazi kwanza, halafu tawi la chama likusifu kwa barua. Kufaulu nilifaulu, na kazi nilifanya, ukarani wa ushirika wa tumbaku pale Tabora. Ikabaki barua. Bila barua ningehesabu marobota mpaka nizeeke, na mama yangu, mpika vitumbua, alikwisha kuutangazia mtaa wetu mzima wa Chemchem kwamba bintiye anakwenda chuo.

Barua ilianzia kwa balozi wetu wa nyumba kumi, fundi bati, mtengeneza koroboi na makarai. Mzee huyo alijifunza kuandika katika darasa la watu wazima, na mwalimu wake, mnisamehe, nilikuwa mimi. Jioni baada ya kazi nilisimama mbele ya wazee waliojibana kwenye madawati ya wajukuu wao, nikajiona profesa. Mkali pia! Mzee akikosea neno, namwambia arudie mara kumi, naye anarudia, ulimi nje.

Nilipompelekea habari ya barua, nikajitia kumsaidia. Akakataa katakata. "Wewe mwanangu kaa huko. Hii naandika mwenyewe." Aliiandika siku tatu, akaifunga kwa gundi, akaipeleka kwa mkono wake.

Kamati ya tawi ilikaa Jumamosi, mimi na balozi tukaitwa. Katibu, mtu wa Tanga mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, akaifungua barua na kusoma kwa sauti: "Binti huyu ni mtiifu. Tangu atimize umri hajakosa kula hata mara moja, na huwahimiza majirani wote kuhusu kula."

Lo! Walicheka mpaka mmoja akavua miwani kujifuta machozi. Balozi alikaa na kofia yake magotini, akitazama huku na huku. Kwake hakuna kilichoharibika. Kura na kula, sisi Wanyamwezi tunazitamka sawasawa. Mimi nikakumbuka. Siku moja darasani, nikiwasomea imla, ndimi niliyetamka "kula" nikikusudia kura. Darasa zima liliandika nilichosema, nami nikawawekea vema wote.

"Hii ni barua ya mzaha," katibu akasema, hacheki tena. "Orodha ya wanaokwenda chuo inaondoka Jumatatu. Barua hii nitaigongaje muhuri? Binti, mwenyewe unasemaje?"

Ningeweza kusema mzee amekosea, basi, yakaisha. Na chuo nilikitaka mno. Nikamtazama mzee na vidole vyake vyenye makovu ya bati. Miaka yote ya shule, vitumbua vya mama vilipododa, mkewe alibisha hodi kwetu na bakuli la ugali na kisamvu, akidai leo wamepika kupita kiasi. Watu wenye watoto saba, wapike kupita kiasi!

"Ndugu katibu," nikasema, "alikusudia kura. Kosa ni la mwalimu wake, na mwalimu wake ni mimi. Lakini hata ilivyoandikwa ni kweli. Sijakosa kula. Nilikula kwake."

Katibu akautia muhuri wino, akagonga.

Tulipokaribia nyumbani balozi akaniuliza, taratibu, "Sasa mwalimu, nirudie mara kumi?"

Nikamwambia wa kurudia ni mimi, nikaangua kilio pale pale barabarani.